Rangi ya Wilaya

Hapa ofisini Vilnius wamenipa ramani na kalamu sita.
Njano ni ya wilaya ambako wachache wamejiua,
kisha chungwa, kisha nyekundu, hadi zambarau iliyoiva.
Kazi yangu kupaka. Sababu, alisema mkuu, wataandika wataalamu.

Zambarau ndiyo iliyowahi kwisha wino.
Nilipofika kona ya mashariki, kwetu,
ilikuwa ikikwaruza karatasi tu.

Nimezisoma safu zao: wasio na kazi, asilimia kumi na nne.
Pombe, lita kwa kichwa. Talaka. Umbali wa hospitali.
Kila kitu kina safu yake.
Lori la maziwa halina.

Lilikuwa likipita saa kumi na mbili asubuhi,
hata theluji ikifika magotini,
na dereva Zenonas akipiga honi mara mbili kwa mjomba Rimgaudas
maana sikio moja la mjomba lilikufa jeshini.
Kisha kampuni ikapiga hesabu:
mwenye ng'ombe chini ya watano halipi hata dizeli.
Mjomba alikuwa na wawili.

Hakulalamika. Wanaume wa kwetu
ukiwauliza hali, hukujibu ya hewa.
Aliendelea kukamua, akimwaga maziwa shimoni,
aliendelea kuamka gizani
kumngoja mtu asiye na sababu ya kuja.
Wanawe wawili wako Ailendi, wanafungasha uyoga.
Basi lilibaki la Jumanne. Shule ikafungwa.
Duka likabaki na mkate, betri na chupa.

Mwezi wa Machi akawa moja.
Yaani safu ya saba, mstari wa kwetu,
palipokuwa ishirini pakawa ishirini na moja.

Sisemi lori ndilo lililomuua.
Bronius, jirani yake, aliachwa na lori lilelile,
na yuko hai, ananuna, anafuga nyuki.
Nimeitafuta tofauti usiku kucha, nikapata hii tu:
tarishi Stase, walipompunguzia siku za barua,
hakuacha kupita kwa Bronius mikono mitupu,
kwa kuwa alimdai makopo mawili ya asali.
Mjomba hakudaiwa na mtu.

Labda si hiyo. Mimi ni mpaka rangi.

Asubuhi nimeazima kalamu ya jirani, nikamaliza kona yetu.
Kisha nikampigia Bronius simu, nikaagiza asali.
Nusu ya bei nimetuma.
Nusu, nimemwambia, anidai.