Bima ya Kusimama

Wakala aliniuliza: gari lako kazi yake nini?
Nikamjibu: kusimama.

Zamani lilisambaza mikate. Fundi Nzioki wa Kariobangi
alilipasua ubavu, akatia bawaba,
akateremsha ubao wa mvule ukawa kaunta.
Asubuhi za baridi bado lanukia hamira.
Nalipeleka kwenye bustani za watu, nazima injini,
nasukumiza mawe mawili nyuma ya magurudumu,
nafunga aproni. Hapo ndipo siku yangu inapoanza:
chupa arobaini na moja, ndimu, barafu ya gunia,
na bibi harusi anayetaka kinywaji
cha rangi ya viatu vya mama mkwe.

Bi. Kwamboka akalamba kidole, akafunua ukurasa wa nne.
Bima yako, akasema,
ni ya gari likiwa barabarani, linakwenda.

Kumbe miaka mitatu nimelindwa
Barabara ya Thika, peke yangu,
chupa zimelala masandukuni kama vifaranga;
na kila nilipofika, nikafungua, watu wakajaa,
nilikuwa uchi kama bilauri.

Mama husema ajali haina kinga.
Kwamboka alisema inayo, ni elfu ishirini na mbili kwa mwaka,
dhima kwa umma, pombe ikiwemo.
Nikasema nitarudi Januari.

Desemba haikunisubiri.
Loresho, Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha,
nyasi zimelewa kabla ya wageni.
Nilikuwa nakamua ndimu nilipohisi sakafu inawaza.
Jiwe la kushoto likazama. Gari likashuka
polepole, kwa adabu, kama mgeni aliyechelewa,
hatua mbili,
likambana Shangazi Wangeci mguu
kwenye meza ya keki.
Keki ilipona. Mfupa, la.

Mkaguzi alikuja Jumanne na utepe wa kupimia.
Mita moja na nusu, akaandika.
Nikamdaka hapo hapo: basi lilikuwa linakwenda!
Akanitazama kwa huruma ya mtu anayelala vizuri.
Gari bila dereva, mama, haliendi. Linaponyoka.
Na kuponyoka hakumo.

Usiku nililitafuta neno hilo, kurasa kumi na moja,
maandishi madogo kama mbegu za mchicha.
Kuungua kumo. Kugongwa kumo. Kuibwa kumo,
mradi mwizi awe amevunja kitu.
Kuponyoka hakumo,
na mimi maisha yangu yote ni kitenzi hicho.

Nililipa hospitali kwa simu, mafungu matano.
Friji kubwa ikaenda. Meza sita za kusimamia zikaenda.
Mwendwa, kijana wangu wa barafu, alikubali nusu mshahara
bila kunitazama.

Shangazi, mguu wa plasta juu ya kigoda,
alinikaribisha chai ya tangawizi.
Nilishakunywa viwili, akasema.
Ungevichanganya vibaya ningewahi kusogea.
Nikacheka. Kisha nikaona yeye hakucheka,
akanisukumia sahani ya mandazi.

Sasa nina karatasi mbili kwenye kisanduku cha dashibodi:
ya kwenda na ya kusimama.
Nina mawe manne, na kabari za mbao alizochonga Nzioki
akakataa malipo, kwa kuwa ule ubavu aliupasua yeye.

Ijumaa hii, Pangani, foleni imeganda.
Injini inawaka, gari haliendi.
Chupa zinagongana kidogo kidogo, kama meno.
Nyuma yangu mtu anapiga honi.
Nanyosha mkono, nakigusa kile kisanduku,
sijui ni karatasi ipi inayonishika saa hii,
na mguu siuondoi kwenye breki.