Kijitabu cha Mazishi

Sharti langu liko wazi: marekebisho mawili bure,
la tatu ni mia tano.
Kemunto alikubali, akanitumia picha ya babake.

Mvue kofia.
Mvishe tai. Si hiyo, ya buluu.
Lile kovu juu ya jicho, lifute.
Sasa anafanana na mbunge; punguza mashavu.

Saa saba usiku, Umoja, stima imepotea,
nahariri kwa chaji iliyobaki
na simu inatetemeka mezani:
Samahani kaka, jambo dogo tu.

Mara ya kumi na moja uvumilivu ukanitoka.
Dada, mchapishaji wa River Road
anafungua saa mbili. Mwili unasafiri kesho.
Tumekwama wapi?

Tiki mbili za buluu. Kimya.
Kisha: Ukichapisha, itakuwa kweli.

Kompyuta yangu haina kitufe cha hilo.

Alfajiri akaomba tena:
rudisha kofia. Rudisha kovu.
Nikafungua faili ya kwanza,
mzee akanitazama vile vile alivyokuja,
jicho moja limefinywa na jua la Nyamira.

Na ankara? Nisidanganye.
Nilimtoza nusu.