Kubisha

Upepo haukukatazi kwenda, alisema Mutisya,
unakukataza kwenda moja kwa moja.
Tulikuwa juu ya paa, Highrise, tukianua nguo.
Akalishika shuka pembeni: hii goshi, hii demani.
Legeza, linapiga makofi. Vuta. Likatunisha kifua,
likataka kuondoka na beseni, na mimi.

Chini yetu, bwawa alilolitumikia miaka kumi na tisa,
akifua maji ngamani kwa kopo la Kimbo,
mashua za watu, si zake,
limefunikwa na magugu. Mtu amepanda nduma
pale palipokuwa na boya la pili.

"Hapo," akanyoosha kidole, "ndipo unapogeuza.
Usukani taratibu. Inama, foromali haiombi radhi.
Hamia joshi. Kaa."
Nikainama. Kamba ya nguo ikanipita utosini.

Kuogelea hakujua. Alinificha hilo mpaka juzi.
Wala hakupiga mbinja bwawani hata siku moja:
ukiuita upepo, huuchagulii kipimo.

Leo naenda kumdaia mafao yake, mara ya nne.
Dirisha la kushoto, kisha la kulia,
kisha la kushoto tena.