Mara Tatu

Baba aliniachia vitu vitatu:
jina la Semkiwa, deni la duka moja pale Chuda,
na Pijo 404 ya rangi ya chai ya maziwa
ambayo haikuwahi kusimama ilipoambiwa mara moja.

"Kanyaga mara tatu," alinifundisha.
"Ya kwanza unabisha hodi,
ya pili unatoa salamu,
ya tatu ndiyo unaingia ndani."

Alikuwa karani wa mizani kwenye mkonge, Pongwe.
Alijua uzito wa kila robota,
ila uzito wa gari lake literemkapo
aliujua siku moja tu, mwaka wa mvua nyingi,
akitoka Lushoto na magunia sita ya viazi
na mama, na mimi tumboni mwa mama.
Chini ya Soni akabisha. Kimya.
Akabisha tena, nne, tano, saba,
pedeli imelala sakafuni kama mbwa aliyeshiba,
ngoma zimeshika moto, moshi unanuka nywele.
Akairudisha gia hadi gari likapiga yowe,
akalisugua ubavu kwenye mwamba,
likatulia juu ya biashara ya mtu:
kabichi sitini na tatu.
Alizilipa zote. Tulizila mpaka nikazaliwa.

Sasa Pijo iko juu ya mawe, Barabara ya Kumi na Sita,
na Mwantumu Zumo yuko chini yake, miguu nje,
soksi moja ya bluu, moja ya kijani.
Anatoa ngoma ya kwanza kwa nyundo ya mbao.
"Hii imecheza harusi nyingi," anasema.
Viatu vya breki vimekwisha, vyembamba kama kucha.
Diski zimetoka kwa 504 iliyokufa Korogwe,
kalipa zimeoshwa kwa petroli, zimekaa juu ya gazeti,
na kile kipande cha kuzishikilia
amekichonga Fundi Joakimu mara mbili,
maana mara ya kwanza alipimia jicho.

Bwana Hatibu akavuka barabara na kikombe chake cha kahawa.
"Mnaliharibu. Gari la asili liacheni na asili yake."
Sauti ikatoka chini ya gari:
"Mzee, na hayo meno?"
Akanywa kahawa yake yote bila kusema neno.

Magharibi tukaanza kutoa upepo.
Mimi kwenye pedeli, yeye na spana,
mpira mwembamba umezama kwenye chupa ya maji.
"Piga. Piga. Piga. Shikilia."
Mapovu.
"Piga. Piga. Piga. Shikilia."
Mafuta yakatoka meusi, kisha rangi ya kutu,
kisha kama asali ya Handeni.
Gurudumu la nyuma kushoto lilikataa hadi saa mbili usiku.
Nilimsikia akiliomba, halafu akilitukana,
halafu akiliomba tena.
Kisha pedeli ikagoma katikati ya safari,
ngumu, hai, kama kiganja kilichokamata kiganja.

Nikaijaribu kuelekea Mikanjuni. Mbuzi akakatiza.
Nikabisha hodi, na kabla ya salamu
kifua changu kilikuwa kwenye usukani.
Mbuzi hakugeuka.
"Moja inatosha," akasema Mwantumu, akijipapasa paji la uso.
Najua. Mguu wangu ndio haujapata habari.

Jumamosi tukapanda Lushoto, mama kiti cha nyuma
na kapu lake mapajani. Hakuuliza kitu juu ya breki.
Tulipoteremka, chini ya Soni, penye mwamba ule,
lori la mbao likasimama mbele yangu ghafla.
Nikakanyaga mara moja. Ikasimama,
kimya, hatua tano nyuma ya mbao.

Na nyuma yangu, mama,
ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake,
nikasikia kandambili yake ikipiga sakafu:
moja,
mbili,
tatu.