Chumvi Husema Uongo

Bamvua ya Februari, baada ya dhoruba ya siku tatu:
Atlantiki imeukwangua ufuo kama sufuria la wali
hadi kwenye ukoko, changarawe, udongo mweusi, chubwi za risasi.
Siku kama hii ndiyo huning'oa kitandani alfajiri.
Navaa buti za mpira, visikizio, na koti la kiwandani,
lile la miaka ishirini na sita ya kutia dagaa makoponi;
paka wa jirani bado wanalifuata.

Kwenye mchanga mkavu mashine yangu ni karani mwaminifu:
ikikuta kifuniko cha bia, hutamka kifuniko cha bia.
Ishushe penye maji, uaminifu wote unayeyuka.
Chumvi yenyewe hupitisha umeme, hulia kama shaba,
hubwata, huapa kwa jina la dhahabu,
nawe unachimba shimo, unapata shimo.
Miaka minne nilijifunza kuipitisha sahani polepole,
kama apigaye pasi shati la mtu mwingine,
nikiziacha kelele zipite
na kungoja sauti inayorudi mahali palepale.

Nimepata escudo, fedha iliyokufa kabla mjukuu wangu hajazaliwa.
Nimepata taji la jino. Funguo za gari, gari sijui liko wapi.
Na jaribosi. Jaribosi. Jaribosi.
Nayo dhahabu, ndugu yangu, hulia kama jaribosi kabisa;
asiyechimba takataka arudi tu nyumbani.

Agosti alinijia Graciete, mke wa Belmiro wa duka la rangi.
"Pete yake ilimtoka akiogelea. Maji baridi hukondesha vidole."
Ni kweli, hukondesha.
Akanionyesha mahali: kati ya bendera ya mwokoaji
na pale anaposimama muuza maandazi ya krimu.
Nyuma yake Belmiro alikuwa akitazama viatu vyake.
Nimepatafuta hapo miezi sita, kila maji yakipwa.

Leo yamejaa mapema, yakanifukuza.
Nikapanda kuelekea kwenye vilima vya mchanga, mashine ingali hai
kwa uvivu wangu tu wa kutoizima.
Nyuma ya vibanda vya kubadilishia nguo ikaita.
Sauti ya duara, tulivu, haina haraka.
Nikachimba hadi kwenye kiwiko:
kikopo cha peremende.
Ndani yake jaribosi, imekunjwa pembe nne.
Ndani ya jaribosi, pete. *Graciete 14-6-87.*

Bahari haijafika hapa tangu nipate akili.
Wala wimbi halijui kufunga kikopo.

Nilikaa kitako. Nikavuta sigara niliyoapa kuiacha.
Kisha nikashuka hadi mchanga wa maji,
nikaifukia pete kina cha kidole, nikahesabu hatua kutoka kwenye bendera,
nikapiga simu.

Alikuja na aproni, sapatu mkononi, Belmiro hatua kumi nyuma,
rangi nyeupe kwenye sikio.
Nikapitisha sahani. Na pale pale kwenye chumvi,
palipokuwa pakinidanganya majira yote ya baridi,
mashine ikasema kweli. Mara ya kwanza, mara ya pili, mahali palepale.
Mimi ndiye niliyekuwa nikibwata:
"Tazameni! Dhoruba imeileta juu!"

Graciete alilia, akaipiga busu, akaisukuma kidoleni mwake
hadi ngozi ikakunjana.
Belmiro alinitazama mikono.
Mchanga uliokuwa umenikaukia kwenye kiwiko ulikuwa mweupe,
mchanga wa juu.

Nilirudi kwa njia ya reli, bado sijaizima,
na kila sahani ilipopita karibu na koti
ililia kwa ajili ya kikopo mfukoni.

Jumatatu nilikuta mlangoni debe la rangi,
buluu ya madirisha, lita tano, bila risiti.
Madirisha yangu ni ya kijani.