Waya wa Kurudi

Bikombo binti Faki hakuja na kilio, alikuja na orodha:
nikikanyaga breki usiku, taa za nyuma zinafifia badala ya kung'ara;
indiketa ya kushoto inawaka nusu, sikuiwasha;
nikikata kona, taa ya namba nayo inapepesa.
Na pedali, fundi. Pedali siku hizi inasinzia.

"Pijo hii ina shetani," akasema Hamadi, mwanafunzi wangu.
"Shetani hana waya. Lete testa."

Lakini kwanza breki,
maana taa mbovu hukutia aibu,
ila mteremko wa Mkoani hukumwaga gatini
hata kama hukuwa na safari.

Nikakaa kitini, nikakanyaga, nikautuliza mguu.
Ukipiga mara tatu pedali ikapanda, hiyo ni hewa.
Ukiikanyaga ukatulia, nayo ikashuka yenyewe
pasi na tone chini,
basi mpira wa ndani ya masta silinda umechoka:
unavuja ndani kwa ndani,
kama mtu anayekwambia hajambo.
Nilihesabu. Kwenye kumi na moja
pedali ikagusa zulia.
Magurudumu yote manne, nilipoyapapasa kwa kidole, makavu.

Haya, taa.
Nikazivua glasi za nyuma. Ndani unga wa kijani,
chumvi ya gati iliyopanda kilima miaka yote hii
ikaila shaba bila haraka.
Nikavuta waya kutoka betrini, kutoka hasi,
nikaugusisha kwenye kikombe cha balbu.
Taa ikang'ara kama jicho la mtoto aliyeitwa jina lake.

"Umeona? Umeme si mpumbavu, Hamadi.
Ukishafanya kazi unataka kurudi kwao.
Ukikuta njia imeliwa, haukai barazani kulia;
unabisha hodi kwa jirani,
unapita uani kwa indiketa, ukumbini kwa taa ya namba,
na kila anayepitiwa anawaka kidogo, bila kupenda.
Orodha yote ile
ni mmoja tu aliyekosa pa kurudia."

Nikaufuata waya kwa vidole, chini ya zulia,
chini ya vumbi la karafuu lililoganda na grisi,
hadi nyuma ya tairi la akiba.
Hapo pana kiungo.
Kimesokotwa mara tano, kikapigwa utepe mweusi,
na juu ya utepe, kamba ya nailoni ya buluu,
fundo mbili na mkia.

Nikalijua fundo lile kabla sijalijua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina risasi ya kuchomea,
na marehemu Khatibu anawahi meli.
"Itashika mpaka Idi," nilimwambia,
nikatia shilingi zake mfukoni.
Imeshika miaka ishirini na mbili.
Imeshika vibaya.

Hamadi alikuwa kashika tochi, hajui kitu.
Ningekikata, nikakitupa kwenye makonyo,
nikamdai mjane pesa ya waya mpya.

Nikamwita. Nikamwonesha.
"Huu mkono wangu, bibi. Kosa si la gari."

Akainama, akaitazama ile buluu kwa muda,
akaigusa kwa ncha ya ukucha.
"Kamba hii," akasema, "ilikuwa ya ndoo yangu ya kisimani.
Wiki nzima niliitafuta. Nikamgombeza Khatibu,
nikawagombeza na watoto wa jirani.
Naye kimya, anakunywa chai."

Akataka kuondoka nayo. Nikaifungua kwa bisibisi,
pole pole, isikatike.

Mpira wa masta silinda atalipa. Waya, hapana.
Bado hewa haijatoka. Bikombo kakaa kwenye benchi,
anaivingirisha kamba kidoleni, anaivingirua.
Mimi chini ya gari, Hamadi kitini.
"Fundi," ananiuliza, "kwani ungenyamaza, nani angejua?"

"Kanyaga," nikamjibu.
"Shikilia."
Kwenye kijipira povu likaja, likaja,
likakatika, likaja tena,
kisha mafuta matupu.
Nikakaza nati.
"Achia."