Mhimili Mmoja

Jua la Januari hapa Kemijärvi huchungulia tu,
kama mgeni aliyekosea mlango, kisha huondoka.
Saa nane mchana tunawasha taa, tunawasha kompyuta,
na baba anauliza, "Leo wameamkaje?"

Anawauliza askari wake wa mezani:
joistiki nyeusi niliyoinunua mnadani,
wenzo wa mafuta uliong'olewa kwenye trekta la Urpo
na kuungwa nyaya upya, bado unanuka dizeli,
kanyagio mbili zilizopigiliwa ubaoni
zisije zikatoroka chini ya soksi zake.

Kompyuta haina adabu. Ikilala usiku
inaamka imesahau nani ni nani.
Namba moja imekuwa namba tatu,
ukisukuma mafuta, mkia unakata kona,
ukikanyaga kulia, injini inazimika.
Basi kila siku naanza upya,
naita kifaa kimoja kimoja kwa jina,
nakigawia mhimili wake, nakiambia:
huu ndio wako, wa mwenzio usiuguse.

Mkono wa kulia wa baba umelala tangu kiharusi cha Agosti.
Ulirusha miaka thelathini na mmoja
ndege ya kuelea, ukivusha chumvi na barua,
mara moja mkunga, mara moja jeneza,
hadi ng'ambo ya ziwa Inari.
Sasa uko mapajani kama paka wa mtu mwingine.
Wa kushoto unajifunza. Haujajua bado
kwamba ndege haishikwi, inaombwa.

Nilichofanya sikumwambia.
Chini ya meza, juu ya goti, niliweka
padi ya mwanangu Eeli, ile ya kuchezea kandanda,
yenye utomvu wa peremende kwenye kitufe cha pembetatu,
nikaipa mhimili uleule wa pua.
Pua ilipoinama mno, kidole gumba changu
kiliinyanyua, kidogo,
kama unavyoinua kidevu cha mtoto
anayesinzia juu ya sahani.
Wiki tatu baba alitua salama.
Wiki tatu alimaliza supu yake.

Lakini mafahali wawili, zizi moja.
Mhimili ukiwa na mabwana wawili
ndege hutetemeka. Si sana.
Kiasi cha maziwa kwenye kikombe lori likipita nje.

Alhamisi, mita arobaini juu ya maji ya bandia,
alisema bila kugeuka:
"Kuna mtu mwingine ndani ya ndege hii."
Nikanyamaza. Feni ya kompyuta ikasema kwa niaba yangu.
"Si upepo. Upepo naujua, hauna huruma.
Huyu ananihurumia.
Toa mkono, Vuokko."

Nikachomoa waya.
Ule mlio mdogo wa kuagana,
noti mbili, ya pili iko chini.

Pua ikainama. Mkono wa kushoto ukavuta, ukachelewa,
ukavuta tena, ukazidisha,
ziwa likasimama wima likawa ukuta,
tukapenya misonobari ya ufukweni
ambayo mtu fulani, mahali fulani,
alikaa akaichora mmoja mmoja.
Skrini ikawa nyeusi. Tukajiona humo, wawili,
na taa ya jikoni nyuma yetu.

Mdomo wake ulipinda upande ule mmoja unaotii.
"Hiyo," alisema, "ilikuwa yangu."

Halafu, akipapasa kanyagio kwa kidole cha mguu:
"Haya, rudia. Mafuta shika wewe.
Lakini juu ya meza, binti.
Juu ya meza, nikuone."